Stagg au Warner: ukiwa na muda wa kufuatilia maisha ya kocha mmoja tu

Ukianza kuufuatilia mpira wa Kimarekani, ule wa mpira wenye ncha mbili na watu kugongana kama mafahali, utakutana mapema na majina ya wazee waliokwisha kufa zamani. Mwanao akiandikishwa kucheza mtaani huko Marekani, huenda ligi yenyewe ikawa inaitwa Pop Warner. Fainali ya vyuo vya daraja la tatu inaitwa Stagg Bowl. Kila Desemba mchezaji bora wa vyuo anakabidhiwa Tuzo ya Heisman. Wazee hawa watatu walicheza wakiwa wanachuo karne ya 19, kisha wakawa makocha wakati ambao watu bado wanabishana kama ukocha ni kazi au ni mapenzi tu ya mtu na chuo chake cha zamani.

Maisha yao ni marefu na habari zao ni nyingi, na si kila mtu ana subira ya kuzisoma zote. Kwa hiyo hapa nawaweka wawili ubavu kwa ubavu, Amos Alonzo Stagg na Glenn Warner aliyeitwa "Pop", ili ujue uanze na yupi. Heisman nitamgusa mwishoni, kwa wale wanaopenda visa.

Ushindi hautakusaidia kuchagua

Wengi huanza na hesabu ya ushindi. Acha. Stagg anahesabiwa mechi 314 alizoshinda. Warner alikuwa akiandikiwa 313, na baada ya mechi zake za Iowa kuhesabiwa upya, siku hizi anatajwa kuwa na 319. Kwa watu waliofundisha zaidi ya miaka 40 kila mmoja, hapo hakuna tofauti. Paul "Bear" Bryant wa Alabama alipofikisha 315 mwaka 1981, magazeti yalitangaza kwamba amevunja rekodi ya Stagg. Kwa hesabu ya leo, siku ile bado alikuwa anamfukuza Warner.

Kinachowatofautisha, kwa maoni yangu, ni mkataba wa kazi. Stagg aliajiriwa moja kwa moja, kama profesa. Warner aliishi kwa msimu, akienda palipo na malipo na wachezaji. Wasimuliaji hupenda kutuambia kwamba mmoja alikuwa mcha Mungu na mwingine mjanja, na hilo ni kweli kwa kiasi chake, lakini mcha Mungu yule alikuwa na mshahara ambao hakuna aliyeweza kumnyang'anya kwa kufungwa Jumamosi mbili.

Mchezo walioukuta

Waliukuta mchezo ukiwa bado nusu raga. Walter Camp wa Yale ndiye aliyesukuma sheria ya mwaka 1880 kwamba timu moja ianze na mpira bila kuugombania, halafu ile ya 1882 iliyotoa majaribio matatu ya kusogea yadi tano, la sivyo mpira uachwe. Pasi ya kurusha mbele ilikuwa marufuku. Mtu aliyezoea kutazama raga Nairobi asingepotea sana katika mechi ya mwaka 1890. Angepotea zaidi katika ya leo. (Daniel Adongo, Mkenya aliyetoka kwenye raga akaingia Indianapolis Colts mwaka 2013, aliuvuka mto ambao wazee hawa ndio walioupanua.)

Halafu mchezo ulikuwa unaua. Wachezaji walishikana mikono wakawa ukuta unaotembea, wakamponda aliye mbele yao. Mwaka 1905 Rais Theodore Roosevelt aliwaita Ikulu wawakilishi wa Harvard, Yale na Princeton awaambie wausafishe mchezo wao. Mwaka uliofuata sheria zilibadilika: pasi ya mbele ikaruhusiwa, na majaribio matatu yakawa ya yadi kumi badala ya tano. Kumbuka mwaka huo, 1906, maana ndio unaotenganisha makocha waliojua kufikiri upya na waliobaki kusukumana.

Stagg: mtoto wa fundi viatu aliyepewa uprofesa

Stagg alizaliwa Agosti 16, 1862, West Orange, New Jersey, katika nyumba ya fundi viatu yenye watoto wanane. Elimu aliipata kwa kudunduliza, kwanza shule ya Phillips Exeter, kisha Yale, na inasimuliwa kwamba alibana matumizi ya chakula mpaka akaugua. Sifa zake za kwanza zilikuwa za besiboli. Alikuwa mrushaji hodari, timu za kulipwa zikamtaka, akazikataa. Mojawapo ya sababu ni kwamba hakupenda ulevi wa viwanja vile. Alikusudia kuwa mchungaji. Mwaka 1889, ilipotoka orodha ya kwanza kabisa ya wachezaji 11 bora wa vyuo vya Marekani, alikuwemo kama mchezaji wa pembeni.

Uchungaji aliuacha kwa sababu ya kawaida kabisa: hakuwa msemaji mzuri mimbarini. Akaenda Springfield, Massachusetts, kwenye chuo cha YMCA cha kuandaa wakufunzi wa michezo, na timu aliyoiunda huko ilikuwa na kijana mmoja aitwaye James Naismith, huyo huyo aliyebuni mpira wa kikapu mwishoni mwa 1891. Machi 1892 walimu na wanafunzi wa chuo hicho walicheza mechi ya kwanza ya kikapu mbele ya watazamaji. Wanafunzi walishinda 5–1. Kikapu pekee cha walimu alikifunga Stagg. Ndiyo maana leo yumo katika Ukumbi wa Mashujaa wa kikapu pia, jambo ambalo mashabiki wengi wa kikapu hawalijui.

Kisha ikaja ajira yenyewe. William Rainey Harper, aliyemfundisha Yale, alikuwa anaanzisha Chuo Kikuu cha Chicago kwa fedha za John D. Rockefeller, na alitaka michezo iwe tangazo la chuo. Mwaka 1892 alimchukua Stagg kwa dola 2,500 kwa mwaka, na juu ya hapo akampa cheo cha profesa mshiriki mwenye ajira ya kudumu. Hilo lilikuwa jipya kabisa. Desturi ya wakati ule kocha alikuwa mwanachuo wa zamani anayerudi majuma machache kuwasaidia wadogo zake, au kibarua wa msimu. Msimu wa kwanza wachezaji wa Chicago hawakutosha, kwa hiyo profesa mwenyewe alivaa nguo za mchezo akaingia uwanjani nao.

Alikaa misimu 41. Alitwaa ubingwa wa muungano unaojulikana leo kama Big Ten mara saba. Mechi yake inayosimuliwa kuliko zote ni ya Novemba 30, 1905, dhidi ya Michigan, timu iliyokuwa imecheza mechi 56 mfululizo bila kufungwa. Chicago ilishinda 2–0. Hizo pointi mbili zilipatikana hivi: Walter Eckersall wa Chicago alipiga mpira mrefu, Denny Clark wa Michigan akaudaka nyuma ya mstari wake wa goli, akajaribu kutoka nao mbio, akakabwa na kurudishwa nyuma ya mstari. Basi. Mechi nzima, msimu mzima, na miaka minne ya Michigan viliishia kwenye uamuzi wa kijana mmoja wa kutoka mbio badala ya kutulia, na lawama zilimwandama maisha yake yote.

Hakunywa, hakuvuta, hakutukana. Tusi lake kali lilikuwa kumwita mchezaji punda. Mgongo na miguu vilipomsumbua alifuatilia mazoezi akiwa ndani ya kigari cha umeme. Mkewe, Stella, alikuwa anakaa jukwaani akichora michezo ya wapinzani, na ukisoma kwa makini utaona kwamba huyu mama alifanya kazi ambayo leo timu inawalipa watu kadhaa.

Alipotimiza miaka 70 chuo kilimstaafisha kwa mujibu wa kanuni. Akakataa kupumzika. Akaenda College of the Pacific, Stockton, California, akafundisha kuanzia 1933 hadi 1946, na mwaka 1943, akiwa na miaka 81, makocha wenzake walimchagua kocha bora wa mwaka. Kisha akamfuata mwanawe Pennsylvania kusaidiana naye katika chuo cha Susquehanna, halafu akarudi Stockton kuwafundisha vijana wa chuo cha pale kupiga mpira kwa mguu. Alipoacha kabisa alikuwa na miaka 96. Alifariki Machi 17, 1965, akiwa na miaka 102.

Hayo ni maisha ya kupendeza kusoma, na yana hatari moja: yananyooka mno. Hakuna anayeuliza ni nini kilichoyafanya yanyooke.

Warner: mwanasheria aliyekubali kazi mbili kwa wakati mmoja

Warner alizaliwa Aprili 5, 1871, Springville, New York, miaka tisa baada ya Stagg. Kabla ya chuo alifanya kazi kwenye shamba la familia Texas. Cornell aliingia kusoma sheria, na inasimuliwa kwamba wazo hilo lilimjia baada ya kupoteza fedha kwenye mbio za farasi, akamwandikia baba yake kwamba ameamua kuwa mwanasheria, kwa hiyo zitumwe fedha. Alikuwa mkubwa kiumri kuliko wenzake darasani, wakamwita Pop, Mzee, na jina likamganda. Alicheza kwenye safu ya mbele, akawa nahodha mwaka 1894.

Uanasheria wake haukudumu. Mwaka 1895 chuo cha Georgia kilimwahidi dola 34 kwa wiki kwa wiki kumi. Chuo cha Iowa nacho kilimtaka kwa dola 25. Iowa walikuwa wanaanza mazoezi Agosti, Georgia katikati ya Septemba. Akakubali vyote. Akawapika Iowa mwezi mmoja, akaondoka kwenda Georgia, na vijana wake wa Iowa wakaifunga Northwestern 36–0 wakati kocha yuko mamia ya maili mbali. Magazeti ya Chicago yaliufananisha ushindi ule na kimbunga, na ndiyo sababu timu ya Iowa State inaitwa Cyclones mpaka leo.

Kuanzia hapo anahesabika kwa vituo: Georgia, Cornell, Carlisle, Cornell tena, Carlisle tena, Pittsburgh kuanzia 1915, Stanford kuanzia 1924, Temple kuanzia 1933 hadi 1938. Pittsburgh alipata ubingwa wa taifa mara tatu. Stanford aliifikisha Rose Bowl, mechi kubwa ya Mwaka Mpya huko California, mara tatu, akafungwa moja, akatoka sare moja, akashinda moja. Vituo hivi vyote unaweza kuvipitia haraka. Carlisle ndipo pa kusimama.

Carlisle

Carlisle, Pennsylvania, ilikuwa shule iliyofunguliwa mwaka 1879 katika kambi ya jeshi na Richard Henry Pratt, afisa aliyeamini kwamba wenyeji wa Marekani wataokolewa kwa kufutwa uenyeji wao. Watoto waliletwa kwa treni kutoka mataifa mengi ya wenyeji, wakanyolewa nywele, wakapewa majina ya Kiingereza, wakakatazwa lugha zao, na wengine wakapelekwa kufanya kazi kwenye nyumba na mashamba ya Wazungu. Wapo waliokufa na kuzikwa hapo hapo. Katika miaka ya karibuni familia zimekuwa zikifukua mabaki na kuyarudisha kwao.

Timu ya shule hiyo ndiyo aliyokabidhiwa Warner mwaka 1899. Vijana walikuwa wepesi kuliko wapinzani wao, wachache, na hawakuwa na uwanja wa kuvutia watazamaji wa kulipa, kwa hiyo karibu mechi zote kubwa walicheza ugenini. Kwa kocha mwenye akili ya hila, timu ya namna hiyo ilikuwa shule yake pia. Huwezi kusukumana na Harvard ukiwa mwepesi, lazima umdanganye.

Mfano ulio bora ni wa Oktoba 31, 1903, dhidi ya Harvard. Warner alimwomba fundi cherehani aweke lastiki kwenye upindo wa jezi, ili ikibane kitu kikiingizwa. Harvard walipoupiga mpira wa kuanzia kipindi cha pili, wachezaji wa Carlisle waliudaka na kujikusanya, na kwotabeki (mchezaji anayeongoza mashambulizi) Jimmie Johnson akauchomeka mpira mgongoni mwa Charles Dillon, ndani ya jezi. Wakatawanyika, kila mmoja ameikumbatia kofia yake kana kwamba ndiyo mpira. Harvard wakawa wanakaba watu wenye kofia. Dillon alikimbia mikono ikiwa mitupu, mpira umetuna mgongoni, mpaka nyuma ya mstari wa goli. Harvard walishinda 12–11 hata hivyo, na hilo watu husahau kulisema.

Mwaka 1912, Carlisle iliifunga timu ya jeshi ya West Point 27–6. Dwight Eisenhower, rais wa baadaye, alikuwa upande wa jeshi siku ile. Carlisle ilikuwa na Jim Thorpe, kijana wa taifa la wenyeji la Sac na Fox kutoka Oklahoma, ambaye majira ya joto ya mwaka huo huo alikuwa ametwaa medali mbili za dhahabu kwenye Olimpiki ya Stockholm katika mashindano ya michezo mitano na ya michezo kumi. Warner ndiye aliyemwona na kumwandaa.

Hapo ndipo hadithi inapochafuka. Januari 1913 gazeti moja la Massachusetts liliandika kwamba Thorpe aliwahi kulipwa kucheza besiboli North Carolina mwaka 1909 na 1910. Kwa sheria za wakati ule mtu aliyelipwa haruhusiwi Olimpiki. Warner alisema hakujua. Ikatolewa barua ya Thorpe ya kukiri, akijieleza kama mwanafunzi mwenyeji asiyejua mambo haya, na wanahistoria wengi wanaona mkono wa Warner katika barua ile. Medali zikachukuliwa. Kocha akabaki na kazi yake. Kwamba kocha aliyemjua mchezaji wake kiasi kile hakujua alikokuwa kwa misimu miwili, mimi siamini. Thorpe hakuishi kuona medali zikirudi. Familia yake ilipewa nakala Januari 1983, na mwaka 2022 ndipo Kamati ya Olimpiki ilipomtambua kuwa mshindi pekee.

Baada ya kashfa ile ya 1913 wanafunzi wenyewe walisema. Zaidi ya 200 walitia saini ombi, na mwaka 1914 wabunge wakafika shuleni kusikiliza. Gus Welch, kwotabeki wa timu ya 1912, alieleza kwamba kocha anawatukana wachezaji, na kwamba alimwona akiuza tiketi kwenye ukumbi wa hoteli na fedha zake hazikuonekana. Ikabainika pia kwamba mfuko wa michezo wa shule ulitumika kuwalipa wachezaji na kuwapoza waandishi wa habari. Warner aliondoka mwishoni mwa msimu huo, akaenda Pittsburgh, akaanza kushinda kama hakuna lililotokea. Shule ilifungwa 1918.

Baadaye, alipoulizwa nani mchezaji bora kati ya wote aliowafundisha, alimtaja Ernie Nevers wa Stanford mbele ya Thorpe. Huenda alimaanisha hivyo hasa. Lakini soma hilo ukiwa umeshasoma ya 1913, uone linavyosikika.

Siku walipokutana

Kama unataka mechi moja ya kuwapima, ni ya Novemba 23, 1907, Chicago. Stagg alikuwa bingwa wa Magharibi. Warner alikuwa amerudi Carlisle mwaka ule na timu iliyokwisha kuifunga Harvard na Pennsylvania kwa pasi za mbele.

Chekesho lake ni kwamba Warner ndiye aliyewahi kuilalamikia pasi hiyo. Mwaka 1895, Atlanta, North Carolina walirusha mpira mbele kinyume cha sheria dhidi ya Georgia yake wakapata goli pekee la mechi. Warner akapiga kelele, refa akasema hakuona. Miaka 12 baadaye hakuna timu iliyorusha vizuri kuliko yake.

Stagg alilijua hilo, akawaagiza vijana wake wawaangushe wachezaji wa pembeni wa Carlisle kabla hawajakimbia kwenda kupokea. Ikafanya kazi kwa muda. Kisha Albert Exendine akajiachia asukumwe nje ya uwanja, akazunguka nyuma ya benchi la Chicago mbio, akarudi ndani ya uwanja mbele kabisa ambako hakuna mtu, na Pete Hauser akamrushia mpira mrefu. Goli. Sheria za wakati ule hazikumkataza mtu kutoka na kurudi. Carlisle 18, Chicago 4.

Mara nyingi tukio hili huwekwa kama ushahidi wa ujanja wa Warner. Mimi naliona ni la Exendine. Kocha hakuweza kumwambia kitu kutoka upande wa pili wa uwanja. Kijana ndiye aliyeamua, mgongo ukiwa kwenye benchi la adui.

Na Stagg alikuwa msafi kiasi gani?

Usimbebe kama malaika. Mwaka 1905 jarida la Collier's lilichapisha makala za Edward Jordan kuhusu vyuo vinavyonunua ushindi, na Chicago ilitajwa. Eckersall, nyota wa Stagg, aliingizwa chuoni bila sifa kamili za masomo, akachezeshwa misimu yote, na alipomaliza kucheza chuo kikaachana naye bila shahada. Profesa mwenye ajira ya kudumu alikuwa na uwezo wa kusema hapana, na kwa Eckersall hakusema.

Tofauti iko hapa: makosa ya Stagg yaliwaangukia vijana waliokuwa na mahali pengine pa kwenda. Eckersall alikuja kuwa mwandishi wa michezo wa Chicago Tribune na refa anayeheshimika. Vijana wa Warner walikuwa mikononi mwa serikali iliyowatoa makwao. Kosa lile lile, kwa watu wasiolingana, halina uzito mmoja.

Kuhusu nani alibuni nini

Hapa punguza matarajio. Wote wawili wanasifiwa kwa kubuni karibu kila kitu kwenye mchezo huu, na mashabiki wa kila upande wana orodha. Kwa Stagg utaambiwa namba za jezi, gunia la kujifunzia kukaba, mchezaji anayetembea kabla mpira haujaanza. Mengine yalifanywa na watu kadhaa kwa wakati mmoja bila kujuana. La Warner lisilo na ubishi ni mfumo wake wa bawa moja, ambapo mpira unarushwa nyuma moja kwa moja kwa mkimbiaji na wachezaji wamelundikwa upande mmoja. Timu nyingi za Marekani ziliutumia mpaka miaka ya 1940. Ukivutiwa na michoro ya mbinu kuliko watu, chagua Warner, huna haja ya kusoma zaidi.

Basi uanze na nani

Ukiwa kijana unayetaka kuingia kwenye ukocha, wa mchezo wowote, nenda kwa Stagg kwanza, na usome hasa miaka ya 1892 hadi 1906 na ile ya Stockton. Angalia alivyojadili masharti ya kazi kabla ya kuikubali. Makocha wengi hupenda kuzungumzia falsafa na kusahau karatasi waliyotia saini.

Ukiwa mzazi uliye Marekani na mtoto yuko kwenye ligi ya Pop Warner, soma Warner, sura za Carlisle. Ligi yenyewe ilianzishwa Philadelphia mwaka 1929 na Joe Tomlin, ikachukua jina la Warner mwaka 1934. Inasimuliwa kwamba makocha wengi walialikwa kuzungumza na watoto usiku wa mvua ya barafu, na aliyefika ni yeye peke yake. Ni kisa kizuri, na ndicho utakachoambiwa pale uwanjani. Cha Gus Welch hutaambiwa.

Ukipenda miji na majengo, Stagg tena: uwanja uliobeba jina lake Chicago ndio ambao Desemba 2, 1942, chini ya majukwaa yake, Enrico Fermi na wenzake walifanikisha mmenyuko mnyororo wa kwanza wa nyuklia uliodhibitiwa na binadamu.

Kwa msomaji asiye na sababu maalumu, jibu langu ni Warner. Stagg ni mtu mwema zaidi na pengine kocha wa kuaminika zaidi, lakini maisha yake yanajieleza yenyewe. Ya Warner yanakulazimisha uwasikilize waliokuwa chini yake, Thorpe, Exendine, Dillon, Welch, na hapo ndipo mchezo huu unapopata sura.

Heisman, kwa wapenda visa

John Heisman ni wa kusoma mwishoni mwa wiki. Alizaliwa Cleveland mwaka 1869, akacheza Brown na Pennsylvania, akasomea sheria, na wakati wa kiangazi alikuwa mwigizaji wa jukwaani, kitu kilichoonekana kwenye hotuba zake za vyumba vya kubadilishia nguo. Ile pasi haramu ya Atlanta ya 1895 aliiona kwa macho yake, na badala ya kulalamika kama Warner alitumia miaka kumwandikia Walter Camp airuhusu. Oktoba 7, 1916, Georgia Tech yake iliifunga Cumberland 222–0, na bado alikuwa anawahimiza wachezaji wake wasilegee. Ndoa yake ya kwanza ilipovunjika walikubaliana kwamba mke achague mji wa kuishi, naye ataondoka ili wasiwe wanakutana. Mke akachagua Atlanta, na Georgia Tech ikapoteza kocha.

Alifariki Oktoba 1936 akiwa mkurugenzi wa michezo wa Downtown Athletic Club ya New York, klabu iliyokuwa imeanza kutoa tuzo mwaka mmoja kabla, na ndipo tuzo ikapewa jina lake. Mshindi wa kwanza kabisa, wa 1935, alikuwa Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago. Miaka minne baadaye Robert Hutchins, rais wa chuo hicho, aliifuta timu aliyoijenga Stagg.